Apigwe, Halafu Twende Nyumbani

Picha ya papo hapo haitaki papara. Hilo nimewaimbia wateja wangu mpaka koo limekauka. Kamera inatema karatasi nyeupe, mtu anaidaka na kuanza kuipepea kama anachochea jiko la mkaa. Acha! Ukiipepea unaiharibu. Ilaze kifudifudi, ifiche mwanga, kukiwa na baridi ibane kwapani, na uiache ijitokeze kwa wakati wake. Hawasikii. Binadamu akishalipia kitu anaona ana haki ya kukiharakisha.

Nina meza yangu kwenye chumba cha mbele cha kliniki ya wanyama, kati ya mzani wa mbwa na kabati la chakula cha paka. Daktari aliniruhusu nikae pale kwa sababu wenye wanyama wakisubiri bila shughuli hugombana. Nilipoanza nilidhani kazi itakuwa watoto wa mbwa waliofungwa utepe shingoni. Wapo, sikatai. Lakini wengi wanaokuja kwangu wanakuja na mnyama ambaye hatatoka. Mzee mmoja alimleta kobe wake, akavaa suti na tai, akasimama wima na kobe mikononi utadhani yuko mbele ya hakimu. Mwingine alimchana paka wake manyoya upande mmoja tu, ule utakaoonekana. Mama mmoja alitaka sungura wake atokee akila karoti. Sungura hakuwa na nguvu ya kutafuna, basi tukamwekea tu karoti mdomoni. Niliumia roho siku ile, na sijui kwa nini yule sungura na si wengine.

Utaniuliza, simu si zipo? Zipo. Simu inaibiwa, inazama kwenye ndoo, inajaa, mtoto anaifuta. Tena mtu akitoka chumba cha ndani na mnyororo mtupu mkononi, anahitaji kitu cha kuushikisha ule mkono wa pili. Picha yangu ni moja, haina kopi. Kwa hiyo kila ninapobonyeza huwa nimebana pumzi.

Kilichokuwa kikinikera pale kliniki ni maneno. Hakuna aliyetaka kusema "kuua". Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani inayoning'inia kwenye uzi, alikuwa akisema "kumpumzisha". Msaidizi wake, jamaa mnene tuliyemwita Taratibu kwa jinsi anavyotembea, hata hilo lilimshinda. Yeye alisema "kumpiga", kifupi cha kumpiga sindano. "Yule paka wa kijivu anapigwa leo?" "Bado, mwenyewe anajifikiria." Likawa ndilo neno la kliniki, na wateja nao wakalidaka. Mimi kwenye meza yangu nalitumia hilo hilo kwa kazi yangu. Hatukuwahi kugongana, kwa sababu kazi zetu zilifuatana: mimi kwanza, daktari baadaye. Naye daktari alikuwa na sheria moja aliyoishika kama dini. Hamgusi mnyama mpaka mwenyewe atamke kwa kinywa chake.

Sasa nije kwa wifi yangu.

Ni mke wa marehemu kaka yangu. Anauza vifungo, zipu na nyuzi, na mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Kaka alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani kwenye duka hilo hilo, upande wa nyuma. Sisi mawifi tumetaniana tangu siku ya kwanza alipoingia kwetu. Mimi namwambia alimroga kaka yangu, maana kwa sura ile asingempata hivi hivi. Yeye ananiambia nimekosa mume kwa sababu kila mwanamume nikimwona namwambia asicheke, anyooshe shingo. Kaka alipofariki utani ulikatika, halafu ukarudi, kwa sababu bila utani tungebaki tunatazamana tu.

Kaka aliacha mbwa. Jina lake Karani, kwa kuwa alikuwa akilala mlangoni na kumkagua kila anayeingia, kama anayetaka kumwambia arudi kesho. Rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekunjika. Harufu ya mafuta ya cherehani ilimtekenya pua. Kaka akifungua kopo tu, Karani anatoa chafya mfululizo, na kaka anamjibu "afya!" kwa kila moja. Baada ya mazishi hakukuwa na fundi wala kopo la kufunguliwa. Siku moja nilifika dukani bila taarifa nikamkuta wifi amekaa sakafuni kule nyuma, anatia mafuta cherehani iliyokufa zamani. Karani anatoa chafya, naye anasema afya, afya, huku machozi yanamtiririka. Nikarudi nje, nikakohoa, ndipo nikaingia.

Mwaka uliofuata Karani akazeeka ghafla, tumbo likavimba. Daktari akampapasa, akasema ni uvimbe kwenye wengu, na njia ni mbili. Ya kwanza ni kumpasua, siku mpasuaji anapokuja pale kliniki, na mbwa wa umri ule anaweza asiamke. Ya pili ni kumpumzisha.

"Hakuna jibu baya hapo, mama," daktari alimwambia. "Kafikiri. Ukiwa tayari utaniambia."

Wifi akamjibu jambo moja tu. "Ikiwa ni hiyo ya pili, mimi sitaki kuona. Nitakwambia, halafu nitakaa nje. Msiniite mpaka iishe."

Daktari akaitikia. Nilikuwepo, nilisikia.

Mimi nilikuwa na maoni yangu na sikuyaficha. Nilimwambia wifi amwache mzee wa watu apumzike.

"Unamweka kwa ajili yako," nikamwambia, "si kwa ajili yake."

"Na wewe unataka nimlete kwa ajili ya meza yako."

Alikuwa anatania, lakini nusu tu. Niliondoka nimenuna.

Siku yenyewe alikuja asubuhi, Karani amelazwa kwenye toroli juu ya mto wa kochi. Mbwa alikuwa amekataa maji tangu juzi. Taratibu akambeba, daktari akamtundikia dripu chumba cha ndani, wifi akaja kukaa kwenye kiti cha wateja wangu. Macho yamemvimba. Nikajua amekuja na jibu.

"Nimeamua," akasema.

"Haya."

"Apasuliwe."

Nilikuwa natoa pakiti ya filamu iliyoisha kwenye kamera.

"Usininunie, wifi. Najua anaweza asiamke. Lakini jana nilifungua lile kopo la mafuta. Nilitaka kumuaga. Akatoa chafya moja, ya kinyonge, halafu akaniangalia kuona kama nitamwambia afya." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mbwa anayesubiri aambiwe afya bado hajamaliza."

Nilicheka, naye akacheka, tukashikana mikono juu ya meza kama wasichana wa shule. Nikamwambia sawa, mpasuaji anakuja wiki ijayo, tutamleta sote wawili. Mpaka siku ile nilikuwa namwonea tu huruma yule mbwa. Pale nikataka apone. Nilitaka sana.

"Ila kabla hajanyolewa tumbo," wifi akasema, "nataka picha. Si ya kuaga. Nataka ya mbwa wangu anayekwenda nyumbani. Pale uani, juani."

"Ngoja niweke filamu. Nenda kawaambie."

Akainuka. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo. Hakuingia, harufu ya mle ilikuwa inamchefua. Alisimama kwenye upenyo, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo:

"Daktari, tumeshakubaliana na wifi. Apigwe, halafu nimchukue twende nyumbani."

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika. Mimi nipo uani."

Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nasukuma pakiti mpya mahali pake. Nikasikia "apigwe" nikajua ni kazi yangu. Daktari mle ndani akajua ni yake. Wengi huwa wanawachukua wanyama wao wakawazike nyumbani, kwa hiyo hakukuwa na chochote katika sentensi ile cha kumshtua. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wifi hakujikwaa popote. Alisema Kiswahili safi kabisa.

Pakiti mpya hutema kwanza jalada jeusi. Nikalitoa, nikafuta lenzi, nikaenda uani kutazama jua limesimama wapi. Wifi alikuwa anatandika shuka ya bluu kwenye majani, anazinyoosha pembe. Akaniuliza kama rangi ile itamtoa vizuri. Nikamwambia itamtoa vizuri sana. Nikamsogeza yeye na shuka yake mpaka ukuta usitie kivuli, tukabishana kidogo kama akae kulia au kushoto kwa mbwa. Kisha nikaingia ndani kusaidia kumbeba Karani.

Alikuwa amelala ubavu juu ya meza. Taratibu amemshika mguu wa mbele, kichwa ameinamisha. Daktari alikuwa anachomoa bomba la sindano kwenye mpira wa dripu, na bomba lilikuwa tupu, limebaki na alama ya dawa ya rangi ya waridi. Dawa ile naijua. Nimeiona ikiingia kwa wanyama wengi wa wateja wangu.

"Upesi, Mama Picha," daktari akasema kwa ile sauti yake ya msibani. "Sindano ya pili imeshaingia. Nilidhani huyu hutampiga, kwa kuwa ni wa nyumbani."

"Amesema apigwe picha," nikasema.

Daktari akanitazama.

"Picha! Uani! Mbwa anapasuliwa wiki ijayo, daktari! Mwenzio ameshatandika shuka!"

Taratibu akaziba mdomo kwa mkono. Daktari akaudaka mpira wa dripu, akauminya kwa vidole viwili, akauangalia, akauachia. Midomo ilikuwa imempauka.

"Haina dawa ya kuirudisha," akasema. "Hakuna."

Karani alikuwa bado hajazimika. Usingizi umemshika lakini macho hayajafungwa, na alikuwa ananitazama mimi kwa sababu ndiye niliyepaza sauti. Sikuwaza chochote. Mikono ilishainua kamera. Nikabonyeza, ikalia, ikatema karatasi yake, na nilipoishusha usoni kifua cha Karani kilikuwa kimetulia. Daktari akaweka kipimo cha moyo pale kwenye mbavu, akasikiliza, akakitoa.

"Naenda kumwambia," akasema. "Kosa ni langu. Nilipaswa kumwuliza tena."

"Ulimwuliza."

"Nilipaswa kumwuliza vizuri."

"Na ukimwambia kosa ni lako, atauliza limetokeaje. Utamjibu nini? Kwamba alitamka mwenyewe?" Nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. "Mume amemzika mwaka jana. Sasa umpe na hili alale nalo?"

"Lakini ndiyo kweli, Mama Picha."

"Kweli hiyo ataifanyia nini? Ataipika?"

Mimi ninayechukia maneno ya kuzungukazunguka, mimi ndiye niliyeutunga ule uongo, tena haraka. Mbwa mzee, dhaifu, dripu ikaingia, moyo ukakataa. Umesimama wenyewe. Taratibu ndiye wa kwanza kuitikia kwa kichwa. Daktari alikuwa akifunga na kufungua miwani yake. Mwishowe akasema, "Basi mwambie wewe. Mimi nikimtazama usoni nitasema."

Nikatoka na karatasi nimeibana kwapani. Jua lilikuwa zuri kweli, lile la kupigia picha. Wifi alikuwa ameketi kwenye shuka, miguu ameikunja upande mmoja, nafasi ya mbwa ameiacha kushoto.

"Yuko wapi?"

"Nimempigia kule kule ndani," nikasema.

"We mwanamke! Na shuka yangu?"

Nikampa karatasi, maana sikujua nimpe nini kingine. Ilikuwa bado nyeupe. Akailaza kifudifudi kifuani, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Kati ya wateja wangu wote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akinisikiliza.

"Sipepei," akasema, akacheka.

Nilitaka kumwambia pale pale. Nikasimama mbele yake kama mpumbavu, naye anaongea: atamhamishia Karani kitanda karibu na dirisha, atamtafutia bakuli lisiloteleza, na akishonwa tumbo atamvisha fulana ya marehemu ili asijilambe kidonda. Hata sikio lile lililokunjika atamwuliza daktari kama linanyooka. Alisema yote hayo juani, mikono kifuani. Halafu akaigeuza picha. Rangi ya chai ilikuwa inaingia, kisha sikio, kisha macho.

"Mbona anaangalia hivi?" akauliza. "Anamwangalia nani?"

"Mimi."

"Kama anakuuliza kitu."

"Wifi," nikasema. "Moyo wa Karani umesimama."

Hakuelewa mara moja. Alinitazama, akautazama mlango wa kliniki, akanitazama tena.

"Saa hizi?"

"Saa hizi. Umesimama wenyewe. Daktari amejaribu."

"Wenyewe," akasema.

Hakulia. Aliinuka, akaitia ile picha ndani ya blauzi yake, akaanza kukunja shuka, pembe kwa pembe, polepole, mpaka ikawa ndogo kabisa. Nikasogea nimshike, akanisukuma kwa kiwiko. Ndipo akaniuliza swali moja: kwa nini daktari hakutoka kumwambia mwenyewe. Nikasema ana mgonjwa mwingine. Mle kliniki hakukuwa na mgonjwa mwingine, na toka pale uani dirisha la chumba cha ndani linaonekana. Tulimzika Karani nyuma ya duka jioni ile ile. Taratibu ndiye aliyechimba, na alilia kuliko sisi wote.

Tangu siku hiyo daktari haongei tena kwa upole. Mtu akimleta mnyama aliyekwisha, anamwuliza waziwazi, "Unataka nimuue?" Watu wanashtuka. Wengine wanamtukana. Wako walioondoka na wanyama wao na hawakurudi. Anarudia swali hilo hilo kwa maneno hayo hayo, na asipojibiwa ndiyo kamili hafanyi kitu. Taratibu naye amejifunza kusema "sindano". Nami nasema "picha" kila mara, hata pale ambapo mtoto mchanga angenielewa.

Wifi aliendelea na duka lake. Picha aliigongomea ukutani juu ya kabati la zipu. Tulirudi kutaniana, kidogo kidogo. Lakini kuna kitu kilichokuwa kinanikwaruza sikio kila nikizungumza naye, na ilinichukua muda kujua ni nini.

"Nilikutafuta kwenye simu hukupokea," ananiambia. "Niazime pasi ninyooshe gauni." Mgeni akija, "Nenda katazame, kuna mtu anabisha." Fundi wa umeme wa mtaani alipoanguka kutoka kwenye ngazi, mtaa mzima ulisema amepigwa na shoti. Wifi akasema umeme umemshika. Siku ile nikashtuka. Nikaanza kumtegea. Nilikaa dukani kwake toka kufungua hadi kufunga, nikimsikiliza na wateja, majirani, watoto waliokuja kununua uzi. Kitenzi kile hakikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Jaribu wewe uone kama utafika adhuhuri. Kwa Kiswahili chetu hiki, bila neno hilo, hata mtoto huwezi kumwambia apige mswaki.

Hakuwahi kuniuliza kitu. Sikuwahi kumwambia kitu. Nilifika hata kujidanganya kwamba ni masikio yangu.

Juzi aliingia fundi nguo mmoja, mgeni wa mtaa, anatafuta vifungo vya koti. Wifi akamtandazia kwenye kaunta. Yule mama akawa anachagua, akainua macho ukutani, akasahau vifungo.

"Jamani, macho ya huyu mbwa! Utadhani anataka kusema. Nani alimpiga?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kule nyuma, kati ya cherehani. Nikafungua mdomo nijibu. Wifi alinitangulia.

"Mimi," akasema.

"Wewe mwenyewe? Basi ulimpiga vizuri kweli. Una mkono, mama."

"Asante," wifi akasema. Hakugeuka kunitazama. Akamfungia vifungo vyake kwenye karatasi, akamwuliza kama atahitaji na uzi.